Jiji Lisilo na Gazeti Lake: Magazeti ya Kila Siku ya Dar es Salaam na Wajibu wa Wanaisimu

1.0 Utangulizi

Imekuwa desturi katika taaluma ya Kiswahili kuyataja magazeti kwa namna mbili. Ama husifiwa kuwa ni chombo kilichoeneza lugha sanifu tangu zama za ukoloni, ama hushitakiwa kuwa ni chombo kinachoiharibu lugha hiyo hiyo. Katika namna zote mbili gazeti huchukuliwa kuwa ni mali ya taifa zima, na lugha yake hupimwa kwa kipimo kimoja tu, yaani umbali wake kutoka katika usanifu. Swali jingine, ambalo kwa mtazamo wa isimujamii lina uzito zaidi, halijaulizwa vya kutosha: magazeti ya kila siku yanayochapishwa Dar es Salaam ni magazeti ya wapi, na yanaandika kwa Kiswahili cha nani?

Makala haya yanadai mambo matatu. Kwanza, kwamba Dar es Salaam, ambamo karibu magazeti yote ya kila siku ya Kiswahili ya Tanzania Bara huhaririwa na kuchapishwa, halina gazeti la kila siku lililo lake. Pili, kwamba upungufu huo si wa biashara ya habari peke yake, bali ni upungufu wa lugha, kwa kuwa umeondoa mahali ambapo Kiswahili cha mitaa kilikuwa kikiandikwa na wenyewe. Tatu, kwamba idara za Kiswahili za vyuo vikuu hazina budi kubeba sehemu ya lawama, na kwa hiyo sehemu ya kazi ya kurekebisha. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Mchikichini, Kariakoo na Bonde la Msimbazi, kwa sababu hapo ndipo jiji na maandishi yanapokutana kila asubuhi katika meza za wauza magazeti.

2.0 Kutoka Kwetu hadi Ngurumo

Yafaa ikumbukwe kwamba Dar es Salaam haikuanza hivi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni mwaka 1923, lilikuwa la Tanganyika nzima na lilitoka mara moja kwa mwezi. Shaaban Robert na washairi wengi wengine walipata humo uwanja wa kutangaza tungo zao. Lakini lilikuwa gazeti la serikali, na Kiswahili chake kilikuwa kile kilichokuwa kikisanifishwa. Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda na kuweka makazi Dar es Salaam, alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Jina lenyewe lina mengi ya kumweleza mwanaisimu. "Kwetu" ni kimilikishi chenye upatanisho wa mahali. Hakitaji taifa wala kabila, bali hutaja mahali ambapo msemaji na msikilizaji wanapashiriki. Fiah, ambaye pia alikuwa mwasisi wa chama cha ustawi na biashara cha Waafrika mwaka 1934, aliwaandikia watu waliokuwa wakiishi naye mjini: makarani, wachuuzi, vibarua na wenye vyumba vya kupangisha.

Katika miaka ya 1950 siasa ya kudai uhuru ilizaa magazeti mapya. Mwafrika lilianza mwaka 1957, na wahariri wake wakahukumiwa kifungo kwa kosa la uchochezi. Hata hivyo, kwa suala linalojadiliwa hapa, gazeti lililo muhimu kuliko yote ni Ngurumo. Gazeti hili la kila siku lilianza mwaka 1959, likimilikiwa na mpiga chapa Randhir Thaker, na lilitoka hadi mwaka 1976. Halikuwa la chama wala la serikali. Lilikuwa na kurasa chache na bei ndogo, na lilitegemea wasomaji wa mjini wanunue nakala mkononi. Ndani yake mlikuwa na barua za wasomaji, mashairi ya kujibizana, matangazo na habari za mitaa. Mtu wa Ilala au Kariakoo aliyekuwa na neno la kusema juu ya kodi ya chumba, mavazi ya vijana au bei ya unga aliweza kuliandika, na siku chache baadaye akalisoma likiwa limechapwa.

Hapa pana jambo la idadi ambalo lapasa kuzingatiwa. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1967, Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821. Mji wa kiasi hicho uliweza kulilisha gazeti la kila siku lililoishi kwa miaka 17. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728, na hauna gazeti la namna hiyo.

3.0 Miaka ya gazeti moja

Ngurumo lilipokoma mwaka 1976, msomaji wa Kiswahili wa Tanzania Bara alibaki na gazeti moja la kila siku, nalo ni Uhuru, lililoasisiwa na TANU mwaka 1961. Tanganyika Standard la zamani, lililotaifishwa mwaka 1970, lilikwisha kuunganishwa na The Nationalist mwaka 1972 na kuwa Daily News, ambalo ni la Kiingereza. Mwaka huo huo wa 1976 ulipitishwa Sheria ya Magazeti, iliyoipa serikali uwezo mkubwa wa kusajili na kufungia machapisho, na ambayo ilidumu hadi ilipofuatwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016.

Uhuru lilifanya kazi kubwa ambayo haistahili kubezwa. Lilieneza istilahi za siasa na utawala nchi nzima, na ukurasa wake wa mashairi uliwalea watunzi wengi. Lakini gazeti la chama tawala ni gazeti la nchi kwa tafsiri yake yenyewe. Mtaa huingia humo pale tu unapokuwa mfano wa jambo la kitaifa: wananchi wamejitolea, wananchi wamehimizwa, wananchi wamepongezwa. Kwa zaidi ya mwongo mmoja, Kiswahili cha magazeti ya kila siku kikawa ni rejesta moja, ile ya tamko, na wanafunzi wa Kiswahili wakajifunza kuiona rejesta hiyo kuwa ndiyo Kiswahili cha magazeti chenyewe.

Ajabu ni kwamba katika kipindi hicho hicho mikoa ilikuwa ikipata magazeti yake. Elimu Haina Mwisho lilianza Mwanza mwaka 1974 kwa ajili ya wasomaji wapya wa Kanda ya Ziwa, wale waliokuwa wametoka katika madarasa ya kisomo cha watu wazima. Ilitambuliwa, na ilikuwa sahihi kutambuliwa, kwamba mtu aliyejifunza kusoma anahitaji kusoma habari za mahali pake. Hekima hiyo haikufikiriwa kuwa inauhusu mji mkubwa, kwa dhana kwamba mji mkubwa una magazeti tayari. Ulikuwa nayo kweli, lakini kama bandari inavyokuwa na shehena: inapita hapo, si yake.

4.0 Msimbazi ya wapi?

Mageuzi ya mwishoni mwa miaka ya 1980, na hasa kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, yalifungua milango. Majira lilianza mwaka 1993. Nipashe na Mtanzania yakafuata katika mwongo huo huo. Mwananchi likaja mwaka 2000 na HabariLeo, la serikali, mwaka 2006. Magazeti ya jioni, yaani Alasiri na Dar Leo, ndiyo yaliyokaribia zaidi kuwa magazeti ya jiji, kwa kuwa yaliuzwa kwa watu waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka kazini. Jioni ya magazeti imekwisha, na meza za Kariakoo zimebaki na asubuhi tu.

Mtu aweza kudhani kwamba wingi huo uliirudisha Dar es Salaam katika kurasa. Kwa upande wa majina, ni kweli. Msomaji wa Bukoba, Songea au Kigoma hukutana kila siku na Msimbazi, Jangwani, Lumumba na Kariakoo. Lakini uchambuzi wa upatanisho wa kisarufi unaonyesha kwamba majina hayo yamebadilika maana. Msimbazi katika ukurasa wa michezo si mto wala si mtaa. Ni klabu ya Simba. Jangwani ni klabu ya Yanga. Lumumba ni ofisi ndogo ya makao makuu ya CCM. Katika vichwa vya habari majina hayo huchukua upatanisho wa ngeli ya I-, yaani ule wa taasisi: "Lumumba yakanusha", "Msimbazi yasajili". Ni utaratibu ule ule unaomtofautisha simba mnyama na Simba klabu: kichwa kama "Simba ajeruhi watoto" ni habari ya mbuga, na "Simba yajeruhiwa Tanga" ni habari ya soka. Mtofautisho huu haukuamriwa na mwanasarufi yeyote. Umejengwa na wahariri na wasomaji, nao umekaa imara kiasi kwamba hakuna mtoto wa shule anayeukosea.

Sasa tuchukue sentensi kama "Jangwani kwafurika". Msomaji wa Bukoba ataelewa kwamba mashabiki wamejaa klabuni. Msomaji wa Mchikichini atatazama kwanza kama mvua imenyesha usiku, kwa sababu Jangwani kwake ni bonde. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliziondoa familia nyingi katika bonde hilo, na baadhi zikapelekwa Mabwepande. Kwa msomaji huyu maana ya mahali bado ni hai, lakini haina gazeti. Gazeti limechagua maana ya Bukoba, kwa kuwa ndiyo inayoeleweka nchi nzima, wakiwamo watu wa Dar es Salaam wenyewe. Kwa hiyo, kinyume na inavyolalamikiwa mara kwa mara mikoani kwamba magazeti yameitukuza Dar es Salaam mno, kilichotukuzwa ni majina ya taasisi zilizomo. Jiji lenyewe, kama mahali pa kukaa, limefutwa kwa kutajwa mno.

Kariakoo na Mchikichini, kata mbili zilizo karibu, zinatoa mfano mwingine. Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, limekwisha kuwa taasisi. Wafanyabiashara walipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, iliwezekana kuandika kwamba Kariakoo imegoma, na kila mtu akaelewa. Mchikichini, jina lenye mchikichi ndani yake na kiambishi cha mahali mwishoni, halijapata hadhi hiyo. Mchikichini hakugomi wala hakukanushi. Mambo hutokea Mchikichini. Na yanapotokea, mara nyingi huwa ni maafa. Soko la Karume, lililopo Mchikichini, liliungua alfajiri ya tarehe 16 Januari 2022, miezi sita baada ya Soko Kuu la Kariakoo kuungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Kwa siku kadhaa magazeti yote yalikuwa pale. Baada ya hapo, nani alipewa kizimba kipya na nani alikosa, mtaji ulirudi vipi, na wateja walikwenda wapi, ni habari ambazo zinajulikana vizuri mno katika mazungumzo ya sokoni. Lakini mazungumzo ya sokoni hayahifadhiwi maktabani.

5.0 Makosa au ushahidi?

Hapa ndipo wanaisimu wanapoingia. Kwa muda mrefu kazi nyingi juu ya Kiswahili cha magazeti zimekuwa na umbo moja: mtafiti huchukua matoleo ya miezi michache, huorodhesha sentensi zenye upatanisho usio sanifu, maneno ya kukopa na tafsiri sisisi, kisha huhitimisha kwa kuwataka waandishi wa habari wapewe mafunzo. Kazi ya namna hiyo ina faida yake kwa mhariri. Kwa sayansi ya lugha faida yake ni ndogo, kwa sababu humaliza palipopasa kuanza. Umbo lisilo sanifu linalojirudia katika magazeti matatu si ajali, ni taarifa.

Tuchukue neno "mtumba". Maana yake ya zamani ni robota la nguo, mzigo wa mpagazi. Tangu biashara ilipolegezwa katika miaka ya 1980, neno hilo kwa wingi, "mitumba", limekuwa jina la nguo zilizokwisha kuvaliwa zinazoingizwa kutoka ng'ambo, na soko la Mchikichini limejulikana nchi nzima kwa bidhaa hiyo. Hatua iliyofuata ni ya kisarufi zaidi: "mtumba" umekuwa kivumishi cha a-unganifu, kikahama kutoka kwenye nguo na kufika kwenye gari la mtumba, friji la mtumba na, kwa dhihaka, hata sera ya mtumba. Mtu anayetaka kujua ni lini na kwa njia ipi hatua hizo zilipita, atautafuta ushahidi wapi? Si katika kamusi, ambayo hurekodi matokeo. Si katika riwaya, ambazo ni chache na huchelewa. Utapatikana katika matangazo madogomadogo, barua, katuni na habari za mahakama za mwanzo, yaani katika sehemu zile zile za gazeti ambazo mtafiti wa makosa huziruka.

Hali kadhalika neno "machinga". Kwa umbo lake lafanana na nomino ya ngeli ya YA-, lakini lamtaja mtu. Kwa hiyo wasemaji wengi wameongeza kiambishi cha watu na kupata "wamachinga", huku wengine wakilitumia "machinga" kwa umoja na kwa wingi. Maumbo yote mawili hupatikana katika magazeti. Mtafiti wa makosa ataiita hali hii mkanganyiko. Mtafiti wa lugha ataiita uamuzi ambao jamii haijaumaliza, na atataka kujua umbo lipi linatumiwa na nani, na juu ya nani. Wakati huo huo neno hilo limekwisha kupanda hadi katika hati za serikali na kuandikwa ukutani, katika jengo la Machinga Complex lililojengwa jirani na soko la Karume. Neno la mtaa limepata jengo kabla ya kupata uamuzi wa wingi wake.

Mfano wa tatu ni wa njeo. Katika mazungumzo ya vijana wa Kariakoo njeo ya -a- haisikiki sana nje ya misemo michache kama "wasemaje". Katika vichwa vya habari, kinyume chake, ndiyo inayotawala: "Mbunge afariki", "Bei yapanda", "Wachuuzi waandamana". Tena haitumiki kwa wakati uliopo pekee, bali kwa tukio lililokwisha kupita. Kwa kuwa vituo vya redio na televisheni huyasoma magazeti kila asubuhi, wasikilizaji wasionunua gazeti huisikia njeo hii kila siku. Gazeti, linaloshitakiwa kwa kuua sarufi, ndilo linalouhifadhi umbo ambalo usemi wa jiji unaliacha, na limelipa kazi mpya. Jambo kama hili halionekani kwa anayesoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi.

6.0 Hazina iliyo mbali

Swali la ushahidi lina upande wake wa kuhifadhi. Mkusanyo mkubwa wa matini za Kiswahili unaotumiwa na watafiti wa dunia nzima, wenye maneno yapatayo milioni 25, umejengwa katika Chuo Kikuu cha Helsinki, chini ya kazi iliyoanzishwa na Profesa Arvi Hurskainen. Sehemu kubwa ya matini zake ni habari za magazeti ya Tanzania. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mlimani anayetaka kuchunguza kwa kompyuta Kiswahili kilichoandikwa Dar es Salaam hubisha hodi Finland. Hakuna anayestahili kulaumiwa Helsinki, wanastahili shukrani. Lakini mkusanyo uliotokana kwa sehemu kubwa na matini zilizokwisha kuwamo katika kompyuta huanza pale kompyuta zilipoanza. Miaka 17 ya Ngurumo haimo. Na hata kwa miaka ya karibuni, kinachokusanywa ni habari na makala, si tangazo la chumba cha kupangisha wala maneno ya katuni.

Nakala za karatasi nazo zina hatari zake. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 inawataka wachapishaji wawasilishe nakala, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imetunza magazeti mengi ya zamani katika mkusanyo wake wa Afrika Mashariki. Hata hivyo karatasi ya gazeti ni karatasi duni: huwa njano, hukatika penye mkunjo, na kila anayeifunua huipunguzia umri. Nje ya maktaba mwisho wake unajulikana. Gazeti la jana huuzwa kwa kilo na kufungia karanga na vitumbua, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 kazi hiyo imepata nguvu upya. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni pale nakala ya mwisho inapokwenda njia hiyo.

7.0 Hoja za upinzani

Hoja tatu zaweza kutolewa dhidi ya madai ya makala haya, na kila moja yastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni ya umoja wa kitaifa. Yaweza kusemwa kwamba magazeti ya mahali huzaa umimi wa mahali, na kwamba nguvu ya Kiswahili imekuwa ni kukataa kufungwa na mahali. Hoja hii ina heshima yake ya kihistoria. Lakini Dar es Salaam si kabila. Ni mkusanyiko wa watu wa makabila yote wanaoshiriki maji, barabara, masoko na mafuriko. Zanzibar ina Zanzibar Leo, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili kimegawanyika.

Hoja ya pili ni kwamba lugha ya mitaa ikipewa gazeti itaangusha usanifu. Kwa hili inatosha kutazama magazeti pendwa, yanayoitwa ya udaku, ambayo kwa miaka mingi yameandika kwa lugha iliyo karibu sana na ya vijiweni. Usanifu haukuanguka. Kilichotokea ni kwamba lugha ya mtaa ilipewa mambo ya chumbani tu ya kuyasimulia, na lugha sanifu ikabaki na bajeti ya halmashauri. Mgawanyo huo ndio wenye madhara. Mchuuzi wa Mchikichini ana uwezo wa kueleza kwa ufasaha jinsi ushuru wa soko unavyokusanywa. Anachokosa ni ukurasa unaoamini kwamba maelezo yake ni habari.

Hoja ya tatu ni ya uchumi na teknolojia: magazeti yanapungua duniani kote, watu husoma simu, na si wakati wa kudai gazeti jipya. Hoja hii ni nzito kuliko zote, na hapa mfano wa mbali waweza kusaidia. Vigo, mji wa bandari katika jimbo la Galicia nchini Hispania, una watu wapatao laki tatu, idadi isiyo mbali na ile ya Dar es Salaam ya mwaka 1967. Gazeti lake la kila siku, Faro de Vigo, lilianzishwa mwaka 1853 na bado linatoka. Jina la mji limo katika jina la gazeti, na habari za bandari, mitaa na uvuvi ndizo uti wa mgongo wake. Lakini gazeti hilo huandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kikastilia, lugha ya Madrid, na si kwa Kigalisia, lugha ya wenyeji. Gazeti la kila siku la Kigalisia, Galicia Hoxe, liliacha kuchapwa mwaka 2011, na jingine, Nós Diario, halikuanza hadi mwaka 2020. Vigo basi ina gazeti la mji bila ya kuwa na lugha ya mji ndani yake. Dar es Salaam ina lugha bila ya gazeti. Kati ya hali hizo mbili, ya pili ndiyo rahisi kurekebisha, kwa kuwa lugha ndiyo sehemu isiyonunuliwa. Kurasa mbili za jiji katika gazeti lililopo tayari, zenye mhariri wake na barua zake, zingetosha kuanzia, ziwe za karatasi au za kwenye simu.

8.0 Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kuwafundisha wamiliki wa magazeti biashara yao. Yaliyo ndani ya uwezo wa idara za Kiswahili ni machache lakini ni ya lazima. La kwanza ni kupiga picha za kidijiti matoleo yote ya Ngurumo yanayopatikana, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na matangazo na mashairi yake, na kuyaweka mahali ambapo mwanafunzi yeyote aweza kuyasoma. La pili ni kujenga nchini mkusanyo wa matini za magazeti usioruka sehemu ndogondogo za ukurasa. La tatu, na hili halihitaji fedha, ni kuacha kukubali pendekezo la tasnifu ya uzamili ambalo swali lake pekee ni idadi ya makosa. Mwanafunzi aulizwe: umbo hili limetoka wapi, nani analitumia, na linafanya kazi gani ambayo umbo sanifu halifanyi?

Erica Fiah aliliita gazeti lake Kwetu katika mji ambao Mwafrika alihesabiwa humo kuwa mpita njia. Miongo mingi baadaye mamilioni ya watu wamezaliwa katika mji huo na hawana kwao kwingine. Kama wanaisimu hawatakiandika Kiswahili chao kwa sasa, wale watakaokuja watakuta matamko ya Ikulu, matokeo ya Msimbazi na hotuba za Bunge, yote yakiwa yamehifadhiwa vizuri, na hawatakuwa na njia ya kujua watu wa Mchikichini walisema nini siku soko lilipoungua, wala walikisema kwa maneno gani.